Nani Atatenda Tendo la Pili?

Mpwa wangu mpendwa,

Nimeisoma rasimu ya barua yako ya kuomba ufadhili wa masomo, na nitakujibu juu ya jambo moja tu, kwa sababu mengine ama ni mazuri au yatajirekebisha yenyewe ukiisoma tena usiku umetulia. Jambo hilo ni namna unavyolisema kusudi lako. Umeandika “so that to improve”, ukaandika “for studying public health”, ukaandika “with a view to help my community”, na mwishoni ukamalizia kwa “in order I can return”. Msamiati wako ni mpana, na hakuna msomaji atakayedhani hujasoma. Ila kila ulipofika kwenye sentensi ya nia, yaani pale hasa ambapo mwenye fedha anataka kukusikia, Kiingereza chako kimeteleza. Walimu watakwambia hayo ni makosa manne ya sarufi, kila moja na kanuni yake. Mimi naona ni kosa moja lililovaa nguo nne, na ukilijua chanzo chake hutahitaji kukariri orodha yoyote.

Chanzo chake ni Kiswahili chako, nacho ni Kiswahili kizuri. Chukua sentensi hii: “Nimekuletea kitabu usome.” Ndani ya “usome” mna mambo matatu. Kuna “u-”, inayotutajia nani atasoma. Kuna tendo lenyewe. Na kuna “-e” ya mwisho, inayosema kwamba kusoma huko hakujawa bali kumekusudiwa. Hata “ili” haihitajiki. Ukisema “Nimeleta kitabu nisome”, umebadilisha herufi chache na msomaji amebadilika. Sasa tazama Kiingereza. “To read” haina mtu ndani yake wala haina alama ya nia. Ni kusoma kutupu. Kwa hiyo Kiingereza hulazimika kumtafuta mtenda nje ya kitenzi, na vijineno vyote vinavyokusumbua, “to”, “for”, “so that”, “in order to”, kazi yake kubwa ni hiyo. Ndiyo maana nakuomba, kabla hujaandika sentensi yoyote ya kusudi kwa Kiingereza, ujiulize swali moja: tendo la pili atalitenda nani?

Akiwa ni yule yule aliyetenda la kwanza, “to” inatosha. “I am applying to study public health.” Anayeomba ni wewe, atakayesoma ni wewe, basi. Akiwa ni mtu mwingine, Kiingereza kinataka umtaje, ama kwa “for”, kama katika “I brought the book for you to read”, ama kwa sentensi kamili yenye mtenda wake baada ya “so that”: “I want to work in the villages so that mothers can give birth safely.” Na akiwa ni mtu uliyekwisha kumtaja kama mtendwa wa vitenzi vya kutuma, kuomba au kushauri, “to” hurudi tena, kama katika “They sent him to buy medicine”, kwa kuwa huyo anayetumwa yuko palepale mbele ya macho. Ukilishika hilo, utaona mara moja kwa nini “so that to improve” haisimami. “So that” inadai mtenda, “to” inamkataa. Umeziweka mbili zinazogombana zikae kiti kimoja. Wala hukulibuni kosa hilo. Limejaa katika insha za wanafunzi wa huku kwetu, na sababu yake ni kwamba “ili” yetu ina ukarimu ambao Kiingereza hakina: tunasema “ili niboreshe”, na siku hizi tunasema pia “ili kuboresha”, bila mtu kukunja uso. Aliyezoea “ili” yenye milango miwili atadhani “so that” nayo ni hivyo hivyo. “In order” nayo ina masharti yake. Haisimami peke yake. Hufuatwa na “to”, au na “that” ukitaka lugha ya kizee yenye “may” na “might” ndani yake. Kwa barua yako, andika “so that I can return” au, kwa kuwa mtenda ni wewe mwenyewe, “and then to return”, usonge mbele.

Kuna jambo la nyakati hapa ambalo “-e” yetu hutufichia. “Nilimpa pesa anunue dawa” na “nitampa pesa anunue dawa” zina “anunue” ile ile. Kitenzi cha kusudi hakijali kama pesa zilitoka jana au zitatoka kesho. Kiingereza kinajali. Jana ilikuwa “I gave him money so that he could buy medicine”. Kesho ni “so that he can buy”. Si kanuni ya chuma, maana kama dawa bado haijanunuliwa na unaizungumzia leo, “can” baada ya “gave” inakubalika. Lakini katika maandishi rasmi, ukisimulia kazi uliyokwisha kuifanya kule zahanati, tumia “could” na “would”, hasa kwa sababu vitenzi hivyo vidogo vina kazi nyingine kubwa zaidi: ndivyo humwonyesha msomaji kwamba unasema kusudi na si matokeo. “They dug a trench so that the water could pass” ni watu waliokusudia maji yapite. “It rained all night, so that the road was cut” ni mvua, na mvua haina nia na mtu. Sisi tungesema “ili maji yapite” upande mmoja na “hata barabara ikakatika” upande wa pili, maneno mawili tofauti kabisa. Kiingereza kina “so that” moja kwa yote mawili, na kinategemea kitenzi kisaidizi na mkato kuzitenganisha. Katika rasimu yako umeandika kwamba wagonjwa walichelewa “so that they lost trust”. Kwa kusoma haraka mtu anaweza kudhani walichelewa makusudi, wapoteze imani.

Kwa kukanusha, lugha yetu inakuharibia zaidi. “Niliondoka mapema ili nisichelewe” ni sentensi nyepesi kama maji, na mkono unavutwa kuandika “I left early not to be late”. Mwingereza ataelewa, lakini sikio lake litabaki linangoja, kwa sababu “not to” ikikaa peke yake baada ya tendo humfanya atarajie ulinganisho: sikuja kugombana, nimekuja kwa jambo jingine. Anayetaka kueleza kuepuka jambo huweka kizingiti mbele: “so as not to be late”, “in order not to be late”. Na ile “nisije nikachelewa” yetu, ambayo ina hofu ndani yake na tahadhari pia, imegawanyika kwao vipande viwili. Kipande cha hofu ni “lest”, neno ambalo limebaki makaburini, makanisani na kwenye hotuba, usilitumie. Kipande cha tahadhari ni “in case”, nalo tunalitumia vibaya kila siku kwa kulifanya “kama”. “Take an umbrella in case it rains” haimaanishi mvua ikinyesha ndipo uchukue mwavuli. Maana yake uchukue sasa, mvua isije ikakukuta. Ukiwaandikia wafadhili kwamba utawapigia simu “in case you need more documents”, umewaahidi kupiga simu hata kama hawahitaji kitu.

Sasa “for studying”. Hapa naomba ukae nami kidogo, maana ndipo Kiswahili kinaweza kukusaidia badala ya kukuponza. Tunasema “kwa ajili ya kusoma” na kuitumia kwa mtu na kwa kitu bila kubagua. Kiingereza hubagua: “for” na kitenzi chenye “-ing” hueleza kazi ya kitu, kile kilichotengenezewa. “This knife is for cutting bread.” Mtu hakutengenezewa kukata mkate, basi kusudi lake ni “to”: “I came to cut the bread.” Ukiandika “I am coming for studying”, umejieleza kana kwamba wewe ni kifaa. Lakini angalia jinsi sisi wenyewe tunavyokieleza kifaa: kisu cha kukatia, kalamu ya kuandikia, kiti cha kukalia. Ile “-ia” ya kauli ya kutendea hatuwezi kuiacha. “Kiti cha kukaa” hutia sikio mchanga. Kiingereza nacho kina “-ia” yake, ila kinaiweka mwisho kabisa wa kifungu, nje ya kitenzi: “a chair to sit on”, “a pen to write with”, “someone to talk to”. Wengi wetu huangusha kijineno hicho cha mwisho na kuandika “a chair to sit”, na kisha wanashangaa walimu wanapotia alama nyekundu. Anayejua kwamba kukaa si kukalia hana haki ya kukosea hapo. Sijui kwa nini vitabu vya shule havilitaji jambo hili, wakati mtoto wa darasa la pili analo tayari mdomoni.

Kosa lako lililobaki, “with a view to help”, limetokana na “to” yenyewe kuwa na uso wa pili. Zamani sana, katika Kiingereza cha kale, “to” ilikuwa kihusishi cha kuelekea mahali, na mtu alipotaka kusema kusudi alilifanya tendo kuwa kama mahali anapolielekea. Hatuko mbali nao sana, sisi tunaosema “nakwenda kusoma”. Baadaye “to” moja ikawa kichwa cha kitenzi, na “to” nyingine ikabaki kihusishi kama zamani, na kwa macho hazitofautiani. Jaribio ni jepesi: weka nomino baada yake. “With a view to improvement” inasimama, kwa hiyo “to” hiyo ni kihusishi, na kitenzi kikija lazima kivae “-ing”: “with a view to improving”. “I want to improvement” haisimami, kwa hiyo “to” ile ni ya kitenzi. Kwa jaribio hilo hilo utaandika “I look forward to hearing from you” na “committed to serving”. Ila kwa kweli ningekushauri uachane na “with a view to” kabisa. Mwaka 1948 Ernest Gowers, ofisa wa serikali ya Uingereza, alitoa kijitabu kiitwacho Plain Words, alichoombwa na Hazina yao ili kuwafundisha watumishi wa umma kuandika kwa maneno mepesi. Waandishi wazuri wa lugha hiyo wameuona urefu wa namna hiyo kuwa aibu, wakati sisi tuliorithi barua za ofisi za enzi ya ukoloni bado tunauona kuwa heshima. Pale “to” inapotosha, “for the purpose of” ni kilemba cha ukoka.

Utaniambia: lakini naeleweka, Mjomba, na kueleweka ndiyo kazi ya lugha. Mara nyingi utakuwa umesema kweli. “So that to improve” haitamdanganya mtu. Hata hivyo kuna mahali ambapo kijineno kimoja cha nia kilisomwa visivyo. Tarehe 27 Machi 1977, kwenye uwanja wa Los Rodeos katika kisiwa cha Tenerife, ndege mbili za Boeing 747, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, ziligongana kwenye njia ya kurukia katikati ya ukungu, na watu 583 wakafa. Muda mfupi kabla yake, kutoka ndege ya KLM ilisikika redioni sentensi “we are now at take-off”. Mwongozaji wa ndege aliielewa kwamba ndege iko mahali pake, imejiweka tayari, inasubiri ruhusa. Kumbe ilikuwa imeshaanza kukimbia. Sababu za ajali hiyo zilikuwa nyingi: ukungu, msongamano wa ndege zilizoelekezwa pale baada ya bomu kulipuka uwanja wa Gran Canaria, redio mbili kuzungumza kwa wakati mmoja. Lakini wanaochunguza lugha ya marubani wamelitazama sana lile “at”, na maelezo yanayotajwa ni kwamba Kiholanzi hutumia kihusishi cha namna hiyo, “aan het”, kueleza tendo linaloendelea. Ikiwa ni hivyo, mtu mwenye ujuzi mkubwa wa kazi yake, kwa haraka, aliiacha lugha ya mama ichague kihusishi. Baada ya ajali, lugha ya redio ilibanwa, neno “take-off” likahifadhiwa kwa ajili ya kutoa au kufuta ruhusa yenyewe ya kuruka, na kwingineko husemwa “departure”. Barua yako haitaangusha ndege. Ninachokuonyesha ni kwamba kati ya kuwa tayari kutenda, kukusudia kutenda na kutenda, Kiingereza huweka tofauti kwa vijineno, na msomaji hujaza pengo kwa anavyodhani yeye.

Mahakamani tofauti hiyo hiyo ndiyo kesi yenyewe. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 196, na ya Kenya, kifungu cha 203, zote hutenganisha kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia kwa maneno mawili ya Kiingereza, “malice aforethought”. Kitendo kinaweza kuwa kile kile na maiti ile ile, na nia ndiyo inayoamua kama mtu anakabiliwa na adhabu ya kifo. Basi uangalie unapoandika “on purpose” ukidhani ni “for the purpose”. La kwanza ni “makusudi”, na mara nyingi hunuka lawama. La pili ni “kwa kusudi la”. Kiswahili huzitenganisha kwa “ma-” tu. Na kama masomo unayoyaomba yako Marekani, ujue kwamba sheria yao ya uhamiaji, kifungu cha 214(b), humchukulia mwombaji wa viza ya masomo kuwa ana nia ya kuhamia huko mpaka aonyeshe vinginevyo. Ofisa anayeisoma fomu yako kazi yake ni kupima nia. Mbele yake hutaki sentensi inayoweza kusomwa njia mbili.

Hapa ndipo “nitarudi” yako inapohitaji uamuzi. “-Ta-” yetu hubeba ahadi, mpango, makisio, na hata adabu ya kumkubalia mtu kitu usichokitaka. Tukiongeza inshallah, kila mtu anajua pa kuiweka. Kiingereza kinazigawa. “I will return” huweza kusikika kama ahadi. “I am going to return” ni mpango uliokwisha kuamuliwa kabla ya mazungumzo. “I intend to return” ni nia, na wanasheria wa mikataba hawaifanyi ahadi: mwenye kuandika “we intend to pay” anajua alichokifanya. “I was going to return” ni ya kuiogopa, maana husikika kwamba mpango umeshakufa. Mimi ningeandika “I intend to return to work in the district hospital”, kwa kuwa hilo ndilo unaloweza kulisema leo kwa uaminifu, kisha nieleze kazi gani inayonisubiri. Wenye fedha wamesoma ahadi nyingi.

Unaweza kuuliza kwa nini tujisumbue na vihusishi vya Waingereza wakati Kiswahili kimepewa nafasi yake, na Tanzania mwaka 2021 ilirekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama. Nalifurahia hilo kuliko unavyodhani, na natamani barua hii ya ufadhili ungeiandika kwa Kiswahili. Lakini umechagua kwenda kwa watu wanaosoma Kiingereza, na heshima kwa lugha yako haipungui kwa kuijua mipaka ya lugha ya wengine. Hoja nyingine iliyo na nguvu zaidi ni kwamba Kiingereza cha Afrika Mashariki ni Kiingereza kamili chenye njia zake, na kwamba Waingereza wenyewe hubadilika. Ni kweli. “For to”, ambayo mwalimu angekuchapa kwa kuiandika, imo tele katika Biblia yao ya mwaka 1611, na hadi leo husikika katika usemi wa watu wa Ireland. Siku moja “so that to” yetu inaweza kupata uraia. Haijaupata bado, na jopo linalokusoma mwaka huu halitaungoja.

Na usiniambie programu ya kusahihisha itakusaidia. Itakukamatia “so that to”, sawa. Lakini ipe “To get the money quickly, the form was sent by the bank”, nayo huenda ikakaa kimya, kwa sababu haijui nani alitaka pesa haraka, wewe au benki. Kwa Kiswahili cha “-e” ungelazimika kuchagua kati ya “nizipate” na “izipate”. Kitenzi kisingekuruhusu kupita bila kusema. Hilo ndilo nimekuwa nikilizunguka tangu mwanzo. Iandike kwanza sentensi ya kusudi kwa Kiswahili, kwa “-e” na si kwa “ili ku-”, uione ile silabi ya kwanza ya kitenzi cha pili. Kisha ndipo uchague “to”, “for” au “so that”.

Nitumie rasimu nyingine kabla hujaipeleka. Aya ya pili, ile ya zahanati, usiiguse hata nukta. Ila “so that they lost trust” iwe “and as a result they lost trust”. Msalimie mama yako, mwambie fedha za fomu nitazituma Ijumaa. Hiyo ni ahadi.

Mjomba wako